Hesabu Hupewa Nani? Dhima ya Watawala katika Taarikhi ya Tanga na Mrima

Katika miji ya Mrima, tangu Tanga na Mtang'ata hata Pangani na Sadani, zama ambazo hapakuwa bado na bendera ya Ulaya juu ya boma lolote, mtu hakupata kuwa jumbe kwa nasaba peke yake, ijapokuwa nasaba ilitazamwa sana; ilimlazimu kuupata ujumbe wake kwa mali yake mwenyewe na mbele ya macho ya mji mzima, awape majumbe waliomtangulia ada zao, awalishe wakubwa na wadogo kwa siku kadha wa kadha, achinje ng'ombe, apigishe ngoma, na awavike nguo waliostahiki kuvikwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwanachuoni wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ametuhifadhia habari za ada hizo katika maandishi yake juu ya desturi za Waswahili, yaliyopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, na humo twaona jinsi daraja za jumbe, shaha, waziri na amiri zilivyopangwa, kila daraja na haki yake, na kila haki na gharama yake. Msomaji wa leo, ambaye akimwona mgombea anagawa pilau huwakumbuka mara moja maafisa wa kuzuia rushwa, atasema kwamba huo ulikuwa ununuzi wa cheo mchana kweupe, na hatakuwa amekosea sana; walakini aliyenunua cheo kwa namna ile hakumlipa mtu mmoja sirini, aliulipa mji hadharani, na mji uliokwisha kula kwake ulibaki na ulimi wa kusema naye.

Ulimi huo ulitumika. Jumbe alikuwa na fungu katika hongo na ushuru wa misafara iliyoshuka na pembe za ndovu kutoka Upare, Kilimanjaro na Umasaini, na alitangulizwa katika karamu na katika mazishi. Na kwa ajili ya hayo alitazamiwa kuwapokea wageni, kuwasuluhisha waliogombana, kuutetea mji kwa watu wa bara, na kuufungua mlango wake pindi mji unapotaka kula. Aliyepokea hongo kisha akaufunga mlango hakuvuliwa kilemba kwa hati ya mahakama, kwa kuwa hapakuwa na hati wala mahakama ya namna hiyo, lakini aliimbwa ngomani, akatajwa kwa mafumbo ambayo hata mtoto aliyafumbua, na wafuasi wake wakamhamia jumbe mwenziwe ambaye jiko lake halikuzimika. Na kwa mtu ambaye nguvu zake zote zilikuwa katika wingi wa wafuasi, adhabu hiyo ilimuuma kuliko faini. Sitaki kuzipamba zama zile kupita zilivyostahili. Mtumwa aliyelima miwa katika mashamba ya kandokando ya mto Pangani hakuwa na kiti barazani, wala hakuna aliyemwuliza kama karamu ilimfikia, na mara nyingi gharama ya karamu yenyewe ilikuwa ni jasho lake. Wanawake nao walisema yao kwa nyimbo na ngoma zaidi kuliko kwa mashauri ya baraza. Hesabu ilitolewa, lakini ilitolewa kwa waungwana.

Katika kuifuata taarikhi ya pwani hii nimeona kuwa kuuliza kama watawala walitoa hesabu ya matendo yao ni kupoteza wakati, kwani hakuna mtawala, hata awe dhalimu wa namna gani, asiyemtolea mtu fulani hesabu. La kuulizwa ni mtu huyo alikuwa nani, aliketi wapi, na alikuwa na uwezo gani asiporidhika. Jibu limegeuka mara nyingi baina ya Vugha ya milimani na Pangani ya pwani, na aghalabu kila lilipogeuka, chanzo kilikuwa ni mtawala kupata nguvu ambazo hazikutoka kwa watu aliowatawala.

Nyuma ya pwani, juu ya milima ya Usambara, dhima ya mtawala ilipimwa kwa mvua. Mfalme wa ukoo wa Kikilindi aliyekaa Vugha, mwenye kuitwa Simba Mwene, alikuwa na haki ya kula mali ya nchi, na watu hawakumnung'unikia kwa hilo maadamu mvua ilinyesha kwa majira yake, njaa ikawa mbali, na mnyonge akapata pa kukimbilia. Washambaa walisema kwamba mfalme wa namna hiyo anaizifya shi, kwa maana anaitengeneza nchi, na aliyekuwa kinyume chake walisema anaibana, na mfalme aliyekwisha kusemwa hivyo hakuwa na wakili wa kumtetea. Kimweri ye Nyumbai, ambaye Burton na Speke walimkuta Vugha mwaka 1857 akiwa mzee sana, alipata sifa ya wale wa kwanza, na mkono wake ulifika hata pwani, ambako madiwani, yaani wakubwa wa miji, walitafuta kukubaliwa naye kama walivyotafuta kukubaliwa na Sultani wa Unguja. Kuwa na mabwana wawili kuna taabu zake, lakini kulimpa raia wa pwani faida moja, kwamba aliyedhulumiwa na mtu wa bwana mmoja aliweza kupeleka shauri lake kwa mwingine.

Kimweri alipofariki, yapata mwaka 1862, wanawe na wajukuu wakaugombea urithi, na Semboja, mwana wake aliyekaa Mazinde chini ya milima, penye njia ya misafara, akawa mwenye nguvu kuliko mjukuu aliyewekwa Vugha. Nguvu za Semboja hazikuwa za mvua wala za kodi ya wakulima. Zilikuwa za bunduki na baruti zilizopanda kutoka Pangani, na bei yake ililipwa kwa watu walioteremshwa kwenda kuuzwa. Hapa ndipo nionapo geuko la kwanza kubwa katika habari hii, kwani mtawala anayekula kwa jembe la raia wake hana budi kuuogopa ukimya wao, lakini mtawala anayemwuza raia ili anunue bunduki ya kumkamatia raia mwingine hana tena haja ya kuridhiwa na mtu. Wabondei, watu wa nchi ya Bonde iliyo baina ya milima na pwani, hawakungoja mvua itoe hukumu. Mwishoni mwa miaka ya 1860 wao, na baadhi ya Washambaa pamoja nao, walifanya shirika lililoitwa Kiva, wakawaondokea machifu wa Kikilindi waliokuwa wakiuza watu katika Bonde, wakawaua baadhi yao na kuwafukuza waliosalia. Na tangu hapo Bonde likakaa bila mfalme, kila mji na mkubwa wake. Habari hizo aliziandika kwa Kiswahili Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, mtu aliyewatumikia Wakilindi kwa kalamu yake na baadaye akapata cheo Tanga katika serikali ya Wadachi, katika kitabu chake cha habari za Wakilindi ambacho wamisionari wa Magila walikipiga chapa sehemu kwa sehemu, na ambacho kilitolewa tena Nairobi mwaka 1962. Ni kitabu cha mtu aliyewapenda mabwana zake, na kwa sababu hiyo ushahidi wake juu ya udhalimu wa baadhi yao una uzito ambao ushahidi wa adui haungekuwa nao.

Pwani nayo ilipatwa na geuko lake, na kwa ghafla zaidi. Tarehe 28 Aprili 1888 Sayyid Khalifa bin Said, aliyekuwa amekirithi kiti cha Unguja mwezi uliotangulia kwa kufa ndugu yake Barghash, alitia saini mkataba wa kuikodisha Kampuni ya Kidachi ya Afrika Mashariki forodha na utawala wa pwani yote, tangu mto Umba hata Ruvuma, kwa muda wa miaka 50. Tarehe 16 Agosti kampuni ikaingia kazini. Huko Pangani wakala wake, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alimtaka Liwali Abdulgawi bin Abdallah akubali bendera ya kampuni ipandishwe kando ya bendera ya Sultani; liwali akajibu kwamba hana amri hiyo kutoka kwa bwana wake; na katika mzozo uliofuata, ilhali watu wamekusanyika mjini kwa ajili ya Idi ya Haji, Wadachi waliingia msikitini na mbwa wakimtafuta. Mengi yameandikwa juu ya uingiaji ule, na ni haki yaandikwe, kwa kuwa hakuna tusi lililowaudhi watu wa Pangani kuliko hilo. Lakini tusi lile lilikuta nyoyo zilizokwisha kuwaka kwa jambo jingine, nalo ni kwamba kampuni ilijitia kudai hati za mashamba ambayo watu waliyarithi kwa babu zao, na kuyashika mapato ya bandari ambayo ndiyo yaliyowalisha majumbe na karamu zao, yote hayo kwa nguvu ya karatasi iliyotiwa saini Unguja na mtu ambaye hakumshauri jumbe wa Pangani, wala wa Tanga, wala wa Sadani.

Aghalabu fitina iliyozuka kwa hayo husimuliwa kuwa ni vita vya wenyeji na Mzungu, na mwisho wake ulikuwa hivyo kweli. Lakini katika wiki zake za kwanza ilikuwa pia ni kesi baina ya mji na Sultani. Sayyid Khalifa alimtuma Pangani Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa askari wake, ili atulize mambo. Mathews alifaulu kuwatoa Wadachi waliozingirwa nyumbani mwao, kisha yeye mwenyewe akalazimika kuondoka, kwa kuwa watu walikwisha kuamua kwamba aliyeikodisha nchi hana tena neno la kuwaambia wenye nchi. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuja kuwa kiongozi wao, alikuwa mwenye shamba la miwa na hasimu wa siku nyingi wa nyumba ya Al Busaid, ukoo wa Sultani, na wala sitasema kwamba alisimama ili kuwatetea watumwa wake. Mbele ya umati wa mjini, hata hivyo, ilimpasa kusema kwa lugha ya umati, na mara kadhaa umati ndio uliomvuta. Tanga ilipigwa mizinga na manowari ya Wadachi mwezi wa Septemba. Bwana Heri, mkubwa wa Sadani, akaushika mji wake. Wissmann, kamanda wa Kidachi, akaja mwaka 1889 na askari wa Kisudani na wa Kizulu. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba ya mwaka huo, na Bwana Heri akasalimu mwaka uliofuata. Zelewski naye aliuawa Lugalo na Wahehe mwaka 1891, habari ambayo yasemekana haikuwaliza watu wengi Pangani.

Serikali ya Kidachi ilikuwa na akili ya kutoyatupa majina ya zamani. Liwali alikaa mjini, akida akapewa vijiji vingi, jumbe akabaki na kijiji chake, na mpita njia aliyewaona wamekaa barazani na vilemba vyao angedhani kuwa hapana kilichobadilika. Kumbe kila kitu kilikuwa kimepinduliwa. Jumbe wa kale alitoa mali ili apate cheo, na jumbe huyu alipewa cheo ili akusanye mali; akida aliyepelekwa Bonde, mara nyingi Mswahili wa pwani asiye na ndugu hata mmoja katika nchi aliyoitawala, hakuhitaji kuwalisha watu wala kuogopa nyimbo zao, kwa kuwa mshahara wake ulitoka boma la Tanga, na bomani ndiko alikopeleka kodi ya nyumba iliyoamriwa mwaka 1897, pamoja na daftari la majina ya waliolipa na wasiolipa. Daftari hilo lilikuwa hesabu iliyo safi kuliko yoyote aliyopata kuitoa jumbe wa zamani, kwa tarakimu na kwa tarehe, na aliyepatikana na upungufu aliadhibiwa upesi. Ila mwenye kuikagua alikuwa Bwana Mkubwa, na mwenye kodi hakuwa na njia ya kujua rupia zake zimekwenda wapi, na akithubutu kuuliza aliweza kujibiwa kwa kiboko. Katika mabaraza ya wilaya ambayo Wadachi waliyaanzisha baadaye ili mapato yagawanywe, sauti ilikuwa ya walowezi wa mkonge na wafanya biashara wa Kizungu.

Hata hivyo serikali ile ilihitaji makarani, na kwa kuwahitaji ikajenga skuli mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na skuli ile, tangu mwaka 1904, ikapiga chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Halikuwa gazeti la kulaumu. Walioandika humo walikuwa walimu, makarani na maakida, nao walileta habari za mvua, nzige, safari za mabwana na sherehe za Kaisari. Lakini lilimfundisha mtu wa Tanga kuandika jambo lililotokea, kwa mahali pake na siku yake, na kuweka jina lake chini, ili watu asiowajua walisome. Na ustadi huo, uliotolewa kwa manufaa ya serikali, haukuwa na kufuli la kuuzuia usitumike kwa manufaa mengine.

Aliyeutumia kwanza kwa utaratibu alikuwa Martin Kayamba, mjukuu wa wakubwa wa Bonde, aliyezaliwa Unguja mwaka 1891 na kusomeshwa na wamisionari, ambaye baada ya vita vya 1914 alikuwa karani katika ofisi ya wilaya ya Tanga chini ya Waingereza. Mwaka 1922 yeye na wenziwe waliunda hapo Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, Waislamu na Wakristo pamoja, na walio wengi wanakihesabu kuwa ndicho mzazi wa African Association ya Dar es Salaam ya mwaka 1929, na kwa njia hiyo ni babu wa TANU, chama kilichodai uhuru. Wanachama walicheza mpira, walisoma magazeti, walikunywa chai, na kwa adabu kubwa walimwandikia mkubwa wao kumwuliza kwa nini karani Mhindi alipwe zaidi ya karani Mwafrika kwa kazi ile ile. Wako wanaomdharau Kayamba kwa adabu hiyo, na kwa safari yake ya London mwaka 1931, alipokwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya kuunganishwa kwa nchi za Afrika Mashariki. Mimi siwafuati. Mtu aliyekaa mezani pa serikali akazijua kanuni zake, kisha akaiuliza kwa kanuni hizo hizo, alikuwa amepata jambo ambalo Kiva na Abushiri hawakulipata, yaani njia ya kumhoji mtawala bila kumfukuza; udhaifu wa njia hiyo ni kwamba mwenye kuulizwa ndiye aliyekuwa hakimu, naye alijibu apendapo.

Udhaifu huo hakuna aliyeueleza vizuri kuliko mwana mwingine wa Tanga, naye ni Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, ambaye maisha yake yote ya kazi yalikuwa katika utumishi wa serikali ya kikoloni, kwanza forodhani, hata Pangani, na mwisho katika ofisi za Tanga. Kitabu chake Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinamsimamisha mahakamani kijana Karama, aliyeshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, na Karama anajitetea kwa kuwasimulia wakubwa habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuitengeneza nchi, na kila mmoja, badala ya kushukuriwa, akatiwa kifungoni. Wasomaji wengi huitazama nchi ile ya hewani wakaona ukoloni tu, na bila shaka ukoloni umo. Lakini karani aliyeandika taarifa kwa miaka mingi na kuziona zikilala katika majalada alijua pia jambo ambalo si la Mwingereza peke yake, kwamba ofisi huweza kumtuma mtu akachunguze, ikapokea alichokiona, kisha ikamchukia kwa kukiona.

Miaka ile ya 1950 ilikuwa ya zogo katika Jimbo zima la Tanga. Milimani, Washambaa walilazimishwa kuchimba matuta ili kuhifadhi udongo, na machifu waliowasimamia wakajikuta wakishitakiwa kwa shitaka lile la kale, kwamba wanaibana nchi, kwa kuwa tangu mwaka 1926 utawala wa kupitia wenyeji ulikuwa umewafanya kuwa watumishi wa mkuu wa wilaya kwa mishahara na kwa amri. TANU iliipata nguvu yake huko katika manung'uniko hayo, matawi yake kadhaa katika jimbo yakafungwa na serikali mwaka 1957, na mwaka huo huo mpango wa matuta ukavunjika. Uhuru ulikuja Desemba 1961, na kufikia mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kwa sheria, wala hapakuwa na vilio vingi.

Sasa ikawa serikali ni ya watu na chama ni cha watu, na lau kuna aliyedhani kwamba kwa sababu hiyo hapana haja tena ya kuuliza, tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa kutengeneza katiba ya chama kimoja haikudhani hivyo. Katika taarifa yake ya mwaka 1965 ilisema wazi kwamba viongozi wengi walipewa mamlaka makubwa juu ya raia, na kwamba raia anahitaji mahali pa kuyashitakia matumizi mabaya ya mamlaka hayo. Hivyo mwaka 1966 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya jinsi yake katika Afrika, na mwenyekiti wake akawa Chifu Erasto Mang'enya, mwana wa Bonde, mwalimu, aliyepata kuwa chifu wa Wabondei na kuiwakilisha nchi katika Umoja wa Mataifa, na ambaye baadaye, tangu mwaka 1973 hata 1975, alikuwa Spika wa Bunge. Sijui kama waliomchagua walikumbuka ametoka katika nchi iliyowafukuza watawala wake karne moja nyuma, lakini uteuzi ulikuwa mzuri. Tume ilizunguka wilayani, ikaitisha mikutano ya hadhara, ikawaeleza watu kwamba mtu aweza kuleta shitaka lake kwa barua au kwa mdomo, bila ada na bila wakili, juu ya karani, polisi, hakimu, mkuu wa wilaya au kiongozi wa chama. Na watu walikuja kwa wingi, na malalamiko yao yalikuwa ya kufukuzwa kazi bila sababu, ya kukamatwa bila shitaka, ya mashamba yaliyochukuliwa, ya majibu ambayo hayakuja. Iliweza kumwita afisa na kulidai jalada lake, na kwa afisa aliyezoea kwamba jalada ni siri yake na Mungu wake, huo ulikuwa msiba.

Fikra yenyewe haikuwa ngeni kwa watu waliosoma vitabu vya dini. Al-Mawardi, kadhi wa Baghdad katika karne ya 11, ameeleza kwa urefu habari za madhalimu, yaani baraza ambalo mtawala au naibu wake huketi kuyasikiliza mashitaka juu ya wakubwa ambao kadhi wa kawaida hawawezi. Na Ulaya, Sweden ilikuwa na afisa wa namna hiyo tangu mwaka 1809 na Denmark tangu 1955, na mbali na Ulaya, New Zealand tangu 1962. Lakini wale wa Sweden, Denmark na New Zealand walipeleka taarifa zao kwa Bunge, ambako mpinzani aliweza kusimama na kuzisoma, ilhali Tume ya Mang'enya, kama baraza la Al-Mawardi, ilipeleka matokeo ya kila shauri kwa mkuu wa dola. Haikuweza kuibatilisha amri yoyote. Ilishauri, na Rais akaamua. Na matendo ya Rais mwenyewe yalikuwa nje ya mipaka yake. Chini ya Rais aliyekuwa tayari kusikia, njia hiyo ilikuwa ya upesi kuliko mahakama, na wanyonge wengi waliipata haki yao kwayo. Hata hivyo ilikuwa ni njia ya kupanda juu, na mlalamikaji wa Handeni aliyeshinda alishinda kwa kuwa mkubwa zaidi alimkemea mkubwa wa Handeni, si kwa kuwa watu wa Handeni walipata uwezo wa kumkemea wenyewe. Tume hiyo ilidumu hata mwaka 2001, ilipowekwa badala yake Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukamtaka kiongozi asiwe jeuri wala mwenye kujitukuza. Hayo ni maneno mazuri yanayojulikana, nami sitakaa juu yake. Ninachokiona kuwa kizito zaidi kwa Tanga ni jambo ambalo watu wachache wanalikumbuka, kwamba katika mpango wa mwaka 1972, uliotangazwa kwa jina la madaraka mikoani, halmashauri za wilaya, na kisha za miji, zilifutwa, na wakurugenzi wa maendeleo wakatumwa kutoka serikali kuu. Nia ilikuwa kuisogeza serikali karibu na watu, na kweli ilisogea, lakini diwani aliyechaguliwa na kata yake aliondoka, na aliyekuja mahali pake alijibu Dar es Salaam. Barabara, mitaro na zahanati za miji zilizorota hata serikali yenyewe ikaona, ikazirudisha halmashauri za miji mwaka 1978, na kwa sheria za mwaka 1982 ikazirudisha za wilaya, zikaanza kazi mwaka 1984.

Hivi leo katika Halmashauri ya Jiji la Tanga, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2005, njia zote mbili zinakaa katika jengo moja. Meya huchaguliwa na madiwani, na madiwani huchaguliwa na kata zao. Mkurugenzi, mwenye watumishi na mwenye kutia saini hundi, huteuliwa na Rais, na diwani aweza kumwuliza maswali mpaka jua likatua, lakini aliyemweka na awezaye kumwondoa hayumo katika ukumbi ule. Mali za viongozi nazo, kwa sheria ya maadili ya mwaka 1995, huorodheshwa na kupelekwa kwa sekretarieti ya serikali, hazisomwi barazani. Sheria zile za mwaka 1982, hata hivyo, zilikuwa na kitu kingine kidogo ambacho wakati wake hakikupigiwa ngoma, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi aliyefika umri wa miaka 18, mwanamume na mwanamke, ambao kwa utaratibu hukutana kila miezi mitatu, na mwenyekiti na mtendaji wake huusomea mapato na matumizi. Katika vijiji vingi mikutano hiyo hupita muda mrefu haikuitishwa, kwa kisingizio cha mvua, cha kilimo, au cha akidi kutotimia. Wanakijiji huungoja, na mara nyingi, mchango wa darasa au wa zahanati unapokuja kudaiwa nyumba kwa nyumba, hujibu kwamba hawatoi hata shilingi, wala hawatakwenda kuchimba msingi, mpaka kwanza wasomewe ule wa mwaka jana.